Mchezaji wa Bure Aliyekula Kwetu

Mwezi uliopita nilitoka Beni, kule Mulekera ninakoishi, nikapanda Butembo kwa misa ya kumwombea bibi yangu, Koko, aliyetimiza mwaka tangu atuache. Baada ya misa nilipita kumsalimia jirani yetu wa zamani, fundi wa kushona, nikamkuta barazani na wanaume wanne na redio. Hujakosea, rafiki yangu: walikuwa wanagombana juu ya mpira. Klabu yao imeamua kwamba mwaka huu hainunui mchezaji hata mmoja. Itaokota wale waliomaliza mikataba kwingine, wanaokuja bila klabu yoyote kulipwa. Vijana waliona hiyo ni akili. Fundi, ambaye mvi zimemjaa lakini sauti haijapungua hata kidogo, akapiga meza ya cherehani.

"Batoto ba leo, hamujue kitu! Mutu ya bule anakulaka chakula yenu, kisha anabauzisha. Muulize bakubwa habari ya ule gardien wa Mangina."

Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai. Nikakiweka chini. Sikujua kwamba bado wanamtaja.

Ngoja nikueleze, maana bila kuujua mtaa wetu wa wakati ule hutanielewa. Tulikuwa na timu ya mtaa, na timu ilikuwa na mwalimu wangu wa darasa la tatu, ambaye alikuwa kocha, mweka hazina na mfua jezi. Hazina yenyewe ilikuwa hewa tupu. Kwa hiyo kila msimu ulipokaribia, mwalimu alizunguka mji na vijiji akiuliza nani ameachwa na timu yake: aliyezeeka kidogo, aliyeumia goti akapona, aliyegombana na rais wa klabu. Aliwaleta wote, na Jumapili baada ya misa alisimama nje ya kanisa akawagawa kwa nyumba. Huyu atakula kwa muuza makaa, huyu kwa fundi, huyu kwa mjane wa pale juu. Nyumba iliyokupokea ilikulisha na kukulaza msimu mzima, nawe ulilipa kwa kucheza. Mama zetu waliringa na wachezaji wao kupita kiasi. Bao likifungwa, mama mwenye mfungaji alisimama pembeni ya uwanja akitangaza kwamba ile nguvu ni sombe yake, mboga ya majani ya muhogo.

Fundi hakuipenda njia hiyo hata siku moja. Alisema bei rahisi inavunjaka upishi. Mwalimu alimjibu kila mara kwa maneno yaleyale: "Équipe za bakubwa zinaangaliaka feza. Shiye tunaangaliaka mutu." Mabishano yao niliyasikia tangu sijui hata bao ni nini.

Msimu ule, nikiwa na miaka tisa, nyumba yetu ilipewa mlinda lango. Katika timu kulikuwa na akina Kambale wanne na akina Kasereka watatu, si unajua kwetu mtoto huitwa kwa zamu aliyozaliwa, basi tulimwita Gardien na ikatosha. Alikuwa mtu wa Mangina, mrefu, mpole, wa miaka kama thelathini. Klabu moja ya Beni ilimwacha kwa kuwa ilipata kijana zaidi. Alfajiri, baridi ikiwa bado imeukalia mtaa na moshi wa mikaratusi ukipita chini chini, tuliamka kwa sauti ya mpira wake ukigonga ukuta wa jikoni: du, du, du. Koko alilalamika kwamba ukuta utaanguka. Siku ambayo mpira haukugonga alitoka nje na khanga begani kuuliza kama mtoto wake ni mgonjwa.

Nilimpenda Gardien, siwezi kukuficha. Alinifundisha kudaka, nami ni msichana, jambo lililowachekesha wengi. Jioni tulikaa jikoni watatu tukikata obundu, ugali ule mzito wa muhogo unaochoma vidole, tukichovya kwenye maharagi, na kila alipomaliza alishukuru kwa Kinande, "Wasingya, Koko." Koko alijifanya hasikii ili arudie.

Lakini Koko alikuwa na sheria yake. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwake huo haukuwa msemo wa kupamba maneno, jembe lenyewe lilikuwepo nyuma ya mlango. Kumpa mtu jembe kulikuwa kumwambia: wewe si mgeni tena, wewe ni wa hapa. Kwetu hakuna aliyelikataa, na kulikataa kulikuwa tusi. Gardien alipalilia, akabeba ndizi, akachimba mfereji, kazi ndogondogo tu.

Tulifika mechi ya mwisho. Tulitakiwa tusifungwe tu, na tungepanda daraja, kitu ambacho mtaa wetu haukuwahi kukiona. Siku iliyotangulia, Jumamosi, mvua iliyokawia wiki mbili ilikuwa imenyesha, na mbegu za maharagi za Koko zilikuwa bado ndani ya debe. Akatuamsha na mapema. Kwa bahati mbaya mpini wa jembe ulikuwa umevunjika, na ule mpya ulikuwa mti mbichi, haujalainishwa na mkono wa mtu. Kwenye ule mteremko wa udongo mwekundu Gardien alilima tangu asubuhi hadi jua lilipoinama. Viganja vya mtu aliyedaka mipira miaka kumi si viganja vya mkulima. Koko alikuwa mbele akifukia mbegu huku akiimba nyimbo za kanisa, hakugeuka.

Jioni nilimkuta nyuma ya jikoni. Malengelenge yalikuwa yamepasuka, nyama ilikuwa nje. Nilichemsha maji, nikatia chumvi, akaingiza mikono na kuuma kola ya shati.

"Usiambie Koko," akasema. "Tukipoteza, batu batasema ni yeye. Utaniahidi?"

Nikaahidi. Nilijisikia mtu mkubwa sana kupewa siri.

Jumapili alivaa glavu za sufu za dereva wa pikipiki juu ya vitambaa alivyofunga viganjani. Mpira ulikuwa umelowa. Dakika za mwisho likaja shuti ambalo hata mimi ningelidaka, akalishika, likamtoka, likaingia polepole. Nilisikia mbuzi wa mtu akilia ng'ambo ya bonde.

Kesi yake iliendeshwa jioni ile kwenye baraza lilelile la fundi. Watu walijaa mpaka barabarani, na sisi tukasimama mlangoni kwetu, hatua chache tu.

"Mi nilibaambia!" fundi alipaza sauti. "Mutu ya bule, akikuya mwenye feza, atamufuata. Balimupa kitu!"

"Una preuve?" mwalimu akadai ushahidi.

"Preuve ni ile but yenye iliingia!"

Mwalimu akamgeukia Gardien na kumsihi aseme neno lolote, hata kama ni uongo. Gardien alikuwa bado na glavu, mikono nyuma. "Ballon iliniponyoka," akasema. "Ni mimi. Hakuna mwingine."

Hapo Koko akavuka barabara. Watu wakampisha. Akamtazama usoni. "Mutoto yangu, balikupa kitu?"

"Hapana, Koko."

Koko akageuka, akarudi nyumbani. Chakula kilikuwa tayari na hakumwita. Mimi nilikuwa nimesimama pale, na ukweli wote ulikuwa kinywani mwangu. Nikisema, mtaa mzima utamgeukia bibi yangu. Nikinyamaza, mtaa mzima umemgeukia Gardien. Nikaikumbuka ahadi na kujificha nyuma yake, maana ahadi ni mahali pazuri pa mwoga kujificha. Asubuhi Gardien alipanda lori la makaa lililorudi upande wa Beni. Hakuniaga, nadhani alijua nitalia na kusema.

Mwalimu alishindwa mabishano siku ile na hakuyarudia tena. Mwaka uliofuata timu ilichanga ikanunua wachezaji wawili wenye vyeti, nao walilala kwao na kula kwao, na hakuna mama aliyejua wanapenda mboga gani. Baada ya misa hakuna tena aliyesimama nje kugawa watu. Uwanja sasa una nyumba za matofali, nzuri kusema kweli. Koko aliishi miaka mingi, na mara mojamoja akipakua obundu alisema peke yake kwamba aliwahi kulisha mtu aliyemuuza. Kila mara nilifungua mdomo. Kila mara niliona mikono yake ilivyozeeka, nikaufunga. Nilidhani ninamlinda, kumbe nilimwacha na uchungu ambao haukuwa na sababu.

Basi, mwezi uliopita, barazani, nikawaambia yote: mpini mpya, chumvi, glavu. Nilisema haraka, kama mtoto aliyevunja chungu. Fundi alizima redio. Kijana mmoja akauliza yule Gardien yuko wapi siku hizi, na hakuna aliyejua. Vita na Ebola vimepita Mangina na Mabalako yote, watu wametawanyika kila upande.

"Basi tulimukosea mutu," fundi akasema hatimaye, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake.

Nilikuwa nimelisubiri neno hilo tangu nina miaka tisa. Mwalimu amekufa bila kulisikia, Koko pia, na yule ambaye neno lilikuwa lake sijui aliko. Nililipokea mimi, na halikuwa langu.