Siku Ukuta wa Chuoni Ulipopumua

Chuo chetu cha Kurani kilikuwa katika nyumba ya mawe ya zamani sana, hapa Chole, nyumba ya Bibi mmoja ambaye wazee wake walitoka Omani na ambaye minazi yake iko Kirongwe. Wavulana walikaa ukumbini na Mwalimu. Sisi wasichana tulikaa chumba cha ndani, nyuma ya pazia zito la kitambaa cha marekani lililofika mpaka sakafuni, tukisoma kwa sauti naye akitusahihisha bila kutuona. Mpangilio huo niliupenda. Mimi nina haya tangu utotoni; mtu akiniita mbele ya watu, ulimi unakauka. Nyuma ya pazia, angalau, hakuna aliyejua ni nani aliyekosea.

Ila chumba kile hakikuwa na hewa. Dirisha lake la pekee lilitazama kichochoro, na Bibi aliliziba kwa mawe zamani ili wapita njia wasitupige macho. Kuta zilitoka jasho la chumvi. Mikeka ilinuka uvundo, na ukungu ulipanda ukutani mpaka usawa wa mabega yetu. Kwa kuwa ndani mlikuwa na giza tuliwashiwa koroboi, nazo zilitoa masizi hata ukipenga kamasi zinatoka nyeusi. Nasema kweli, hata kama si jambo la kuandika. Tukawa tunakohoa. Na kwa kuwa tunakohoa, watu wakasema chumba kina jini, dawa yake ubani. Zamani chetezo cha kufukizia ubani kililetwa Alhamisi tu. Tulipozidi kukohoa kikaletwa kila asubuhi. Tukazidi tena.

Kikohozi changu kilikuwa kibaya kuliko cha wenzangu. Mama alikisikia kutwa nzima.

"Nangoja Maulidi yapite," aliniambia huku ananisugua kifua kwa mafuta ya nazi. "Yakipita nawe bado unabweka hivi, nakutoa chuoni. Kusoma si kufa."

Nilikuwa nimebakiwa na sura ya Baqara tu kabla ya kuhitimu. Na wasichana wa rika langu waliotolewa chuoni hawakurudi tena, waliozwa. Niligeukia ukuta nikalia kimya kimya, maana hata kulia naona haya.

Nilikuwa na mazoea ya kutazama juu ili nisitazamane na mtu. Hivyo ndivyo nilivyouona moshi. Ule wa chetezo ulipanda mpaka kwenye maboriti, ukatambaa na dari, ukarudi vichwani mwetu. Wote, isipokuwa uzi mwembamba uliokwenda pembeni, chini ya boriti ya mwisho, ukaingia kwenye ufa wa chokaa na kupotea. Kesho yake nilichomoa sufi kidogo kwenye mto wangu nikaja nayo. Wenzangu walipotoka kutawadha nilipanda juu ya sanduku la misahafu la Bibi, Mungu anisamehe, nikaisogeza sufi kwenye ufa. Ikavutwa. Ikanasa pale kama imeshikwa na mdomo.

Nilimweleza rafiki yangu, binti wa jirani yetu, ambaye hajui kunong'ona. Akapaza sauti palepale:

"Mwalimu! Huyu mwenzetu ana neno!"

"Aseme," Mwalimu alijibu.

Nikamfinya. Hakujali. "Anasema ubani wako ndio unaotuua!"

Wavulana walicheka mpaka wakapiga mbao zao za kuandikia. Mmoja akasema, "Jini limepata wakili!" Mwalimu hakucheka. Nilijua nikinyamaza hapo, basi, ndiyo imekwisha. Nikafumba macho.

"Sivyo, Mwalimu," nilisema, na sauti yangu ikatoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Ubani ni mzuri. Ila hauna pa kutokea, nao unabaki na masizi ya taa na pumzi zetu. Pembeni juu, upande wa kichochoro, palikuwa na tundu, limepakwa chokaa. Lizibueni, mwone."

"Nyumba si yangu," Mwalimu akasema. "Shika njia, kamwambie mwenyewe."

Bibi alikuwa uani anapeta mchele.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Nawe unasema? Nilidhani bubu."

Nilimweleza nikiwa natazama vidole vyake. Alitikisa kichwa. "Nilipaziba kwa ajili yenu. Watoto wa watu wako kwangu. Akichungulia mhuni mmoja, nitaficha wapi uso?"

"Bibi, ni juu mno. Hata akipanda mabega ya mwenzake hafiki."

Bibi si mtu wa kukubali maneno matupu. Alishika bakora, akatoka mpaka kichochoroni, akawaita wavulana wawili warefu, akaamuru mmoja apande mabegani mwa mwenziwe. "Nyoosha shingo! Unaona nini?"

"Naona ukuta, Bibi."

"Ruka!"

Akaruka, wakaanguka wote wawili. Bibi alicheka mpaka akaegemea mlango. "Haya," akasema, "toboeni."

Mwalimu mwenyewe alipanda ngazi kichochoroni na mtaimbo, kanzu ameifunga kiunoni. Chokaa ikaanguka, yakafuata mavi ya popo na kiota cha panya, vyote kichwani mwake. Mwanga ukaingia. Tukashangilia. Kisha chetezo kikaletwa ili tuone, na moshi ukazunguka palepale kama zamani.

"Mnaona?" akasema mmoja wa watumishi wa Bibi. "Jini halijatoka. Ongezeni ubani."

Nilihisi masikio yanawaka moto. Nikafikiria jiko la kwetu: Mama akifunga mlango moshi unamrudia usoni, akiufungua unatoka wote kwenye makuti ya paa. Nikaliinua pazia kwa chini, kadiri ya shubiri. Moshi ukayumba, ukanyooka, ukaenda tunduni kama umeitwa.

"Shusha hilo!" Bibi alifoka. "Miguu yenu inaonekana!"

"Basi tutoboe chini upande wa uani, Bibi," nilisema haraka kabla haya hazijanirudia. "Huko wako wanawake tu. Hewa iingie chini, itokee juu."

Bibi akawageukia watumishi. "Mpeni mtaimbo huyu," akasema.

Jiwe la mwisho nililing'oa mimi. Upepo wa uani uliingia ukanipiga vifundoni, na nilipouvuta ulikuwa na harufu ya mchele na majani mabichi. Tulitoa mikeka juani, tukakwangua ukungu, tukapaka kuta chokaa mpya. Koroboi zikazimwa, maana tuliweza kusoma bila taa. Chetezo kikarudi kwenye Alhamisi yake. Wenzangu waliacha kukohoa mmoja mmoja, mimi nikiwa wa mwisho, nikihesabiwa kila pumzi na Mama.

Maulidi yalipopita, Mama hakunitoa chuoni. Alikuja siku ya kuhitimu kwangu, akakaa uani na wanawake, kilemba cha kanga kikimfunika mpaka nyusi. Nilijua anasikiliza nini. Nilisoma mwisho wa Baqara nikaivuta aya ndefu kwa pumzi moja, kifua kikavu, sauti haikukwama popote. Nilipomaliza, vigelegele vilipasua uwanja, na cha kwanza kilikuwa cha Bibi.

Mama aliingia ndani, akasimama karibu na pazia, akamwita Mwalimu.

"Darsa za fikihi za waliohitimu," akasema, "mnaanza lini?"

"Jumamosi," nilijibu mimi, kabla Mwalimu hajafungua kinywa, na ukumbi mzima ukanisikia.