Mguu wa Dereva

Dereva wa pikapu ya kijiji chetu cha ujamaa, kule Ipole, alikuwa na neno moja kwa kila abiria, hata kabla ya kuitikia shikamoo: "Gari hili halikimbii." Lilikuwa la dizeli, kuukuu, na mshale wake haukuwahi kuvuka maili thelathini na tano, hata kwenye mteremko. Tulimcheka, tukasema baiskeli ya mrina asali ingempita. Kwenye kilima aliinama mbele, kidevu karibu na usukani, kama anayelisukuma kwa kifua. Katambuga yake ya kulia, kiatu cha tairi, ilikuwa imelika upande wa vidole. Ya kushoto ilikuwa bado nzima.

Siku tuliyompeleka jirani yetu Bertila hospitali mjini Tabora, uchungu wa uzazi umemshika tangu alfajiri, mimi nilikaa mbele. Nyuma, mama yake alikuwa amempakata, akipiga paa la gari kwa kiganja. "Baba, kanyaga mafuta! Mwanangu anakwisha!"

"Nimekanyaga, mama," dereva alijibu bila kugeuka. "Mwisho wake ndio huu."

Sauti yake ilikuwa ileile ya kila siku, ila shingo ilimtiririka jasho. Tulikuwa bado porini Bertila aliponyamaza.

Tukageuza gari, tukafunga tawi la mti mbele, watu wajue tumebeba msiba. Hakuna aliyekuwa na haraka tena. Lakini nilipotazama chini, mguu wa dereva ulikuwa bado umekanyaga hadi mwisho.