Mkia Alihesabu Kumi na Watatu

Saa nne na robo asubuhi, siku ya Jumanne. Mwongoza watalii amesimama kwenye kona ya mtaa wa waoka mikate, mkono juu, wageni kumi na wawili nyuma yake. Anaita: "Nyuma!"

Kutoka mwisho wa msafara kaka yake anajibu: "Kumi na watatu, twende!"

Dada anacheka. "Leo umejihesabu na wewe, Mkia? Uzee huo!"

Wageni nao wanacheka. Msafara unakata kona. Kwenye kona inayofuata anaita tena, na hakuna anayejibu.

Hiyo ndiyo siku Mkia alipotoweka. Umepita mwaka mmoja na miezi miwili.

Ndivyo walivyofanya kazi kwa miaka tisa. Dada mbele, akieleza habari za ghala la zamani la ngozi na kisima kilichozibwa, akiwaonjesha wageni mkate wa moto. Kaka nyuma, ndiyo maana akaitwa Mkia, ili asipotee mtu vichochoroni. Kila kona, hesabu. Anayehesabu hajihesabu, hilo ni somo la kwanza la kazi, na Mkia ndiye aliyewafundisha wenzake.

"Kaka yangu hakuwahi kukosea," anasema dada huyo, mwenye miaka arobaini na mmoja, akisogeza pembeni chai ambayo hajaigusa. "Mtu wa kumi na tatu alikuwepo kweli. Aliniambia, nami nikamcheka."

Polisi waliandika maelezo nusu ukurasa. "Wakaniambia, 'Mtu mzima huyo, mama, labda ana mambo yake.' Mambo gani? Viatu alivyonunua wiki ile viko kwenye boksi mpaka leo."

Mgeni mmoja alikumbuka kumwona amesimama mbele ya nyumba ya ghorofa mbili kwenye mtaa huo wa waoka mikate, iliyopigiliwa mbao madirishani. Mkia hakuwahi kuipita kimya. Alikuwa akiwaeleza wageni kwamba familia kumi na moja zilitolewa humo na watu wenye karatasi ambayo hakuna mpangaji aliyeisoma. Wiki mbili kabla hajatoweka, mtu asiyemfahamu alimwambia sokoni apunguze hadithi. Alifika nyumbani akalisimulia jambo hilo kama kichekesho.

Siku hizi nyuma anatembea mke wa Mkia. Ziara zilikuwa tano kwa wiki. Sasa ni mbili, na zinalisha watu sita.

"Ruka mtaa ule, wifi," mke huyo alimwambia mwezi uliopita. "Mji wote huu, huna pengine pa kupita?"

"Nikiuruka, nani atamtaja?"

"Na wakikubeba wewe, nikutaje mimi? Mimi sina mdomo wako."

Walicheka, kisha wakalia. Kesho yake wakapita.

Dada anakiri kwamba humtafuta mtu wa ziada kuanzia kona ya kwanza. Amejifunza kutazama viatu, maana mtalii huvaa viatu vya kutembelea. Siku moja alimwona mzee mwenye viatu vya ngozi vilivyong'arishwa, akampigia kelele mbele za watu. Kumbe ni karani wa watu, alikuwa anatafuta njia ya kwenda benki.

Wiki iliyopita mwokaji mikate, anayemfahamu tangu utotoni, alimvuta ndani ya duka na kurudishia mlango.

"Dada, yule mtu nilimwona. Wote walionja mkate, yeye akakataa. Akamshika kaka yako kiwiko, kirafiki tu. Wakaingia nyumba ile."

"Mwaka mzima unaniuzia mkate na unanitazama usoni!"

"Niliogopa. Bado naogopa."

Hakuendelea kumlaumu. "Ningesema nini? Hofu hiyo hiyo ndiyo ninayolala nayo."

Anataka jalada lifunguliwe upya na nyumba ile ipekuliwe. Anamfikiria mama yao, mwenye miaka sabini na tisa.

"Mama ananiuliza kila akimaliza sala: 'Niombe arudi, au niombe apumzike?'"

Mwokaji amekubali kwenda kuandikisha maelezo Alhamisi, saa tatu asubuhi. Jana aliwahamishia watoto wake kwa mama mkwe.