Bomba na Kidonge Chake

Mtaani walimwita Bomba, maana kazi yake ilikuwa kuzibua vyoo, na hakuna aliyewahi kumwona akikunja pua. Alikuwa anatoka kwenye chemba ya majitaka, ananawa, anakaa pembeni kula mkate wake huku mwenye nyumba anatapika nyuma ya ukuta. Mtu huyohuyo sasa kashindwa na kidonge.

Kidonge chenyewe cha saratani ya damu, aina ya nadra, isiyo na haraka, kama mgeni aliyekuja na begi lake kabisa. Daktari alimweleza kwamba ugonjwa umelala, ila dawa ndiyo inayoulaza, na ataimeza maisha yake yote. Bomba akasema sawa. Hakujua harufu. Kile kidonge kilinuka kama sarafu iliyotoka kunyonywa na mtu mwingine. Kikigusa tu ulimi, anakitapika. Mkewe akajaribu kukisindikiza kwa ndizi. Bomba akachukia ndizi. Akajaribu uji, hadi sufuria ya uji ikawa inamtia kichefuchefu.

Vipimo vikarudi vibaya. Daktari akamwambia wazi kuwa ugonjwa umeanza kuamka, na akizidi kutapika dawa, asije akalaumu mtu.

Tangu hapo Bomba akawa anaondoka na chupa ya dawa mfukoni. Mkewe akaona vidonge vinapungua na matapishi hakuna, akajua mzee anavimwaga. Asubuhi moja akamfuata kazini kimyakimya. Akamkuta uani kwa watu, kavua glavu, kanawa, kainama juu ya chemba iliyojaa hadi mdomoni, mafuta ya jikoni yameganda juu yake kama utando wa maziwa, chini kunatokota. Kidonge kiko mkononi.

"Baba watoto, ukikitupa humo nakusukuma ukifuate."

Bomba hakugeuka. Alivuta ule uvundo ukajaa kifuani, akatia kidonge mdomoni, akashushia maji. Kikateremka bila ugomvi.

"Hapa tu ndipo sikisikii," akasema.

Mke akakimbilia ukutani kutapika.

Vipimo vilivyofuata vikawa vizuri. Balaa likabaki Jumapili, siku isiyo na kazi. Ikabidi afungue chemba ya nyumbani, mama mkwe akiwa kibarazani na sahani ya chakula mapajani. Bibi wa watu akahamisha kiti, akahamisha tena, mwisho akauliza kama hakuna namna ya kuumwa kistaarabu. Binti yake alikuwa kasimama palepale shimoni, kajifunga kitambaa puani, kanyoosha mkono wenye glasi ya maji mbali kabisa na mwili.

"Meza basi, mume wangu. Wengine tuna pua."

"Subiri kidogo," Bomba akasema, akiinama zaidi. "Haijanuka vizuri."