Mbuzi Niliyeomba Asiuzwe

Mzee mwenye mbuzi niliokuwa nikiwachunga alifariki mwezi wa kumi, joto lilipokuwa limeanza kupungua. Asubuhi ile maji ya tangi yalitoka ya baridi kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tano, na mbuzi wakayanywa bila kusitasita. Nikasema moyoni, akija leo nitamwambia. Dereva wake alinipigia simu kabla ya saa nne. "Baba amekwenda," alisema, na sikuuliza amekwenda wapi.

Nilikuwa nimeshika majani mikononi. Nikayaweka kwenye hori, kwa sababu mbuzi walikuwa na njaa.

Kabla ya hapo nilikuwa mlinzi wa jengo moja la ghorofa kule West Bay, mtaa wa maofisi huku ughaibuni. Mwana mkubwa wa mzee alikuwa na ofisi humo. Siku moja alisimama mbele ya meza yetu akauliza kama kuna yeyote anayejua mbuzi. Wenzangu walicheka. Mimi nikamwambia, "Kwetu Kitui nimelelewa na mbuzi, bosi." Wiki hiyo hiyo nilipelekwa kwenye shamba la baba yake nje ya mji: ukuta, mitende sita, chumba changu chenye kiyoyozi, na zizi la mbuzi thelathini na mmoja.

Mzee alikuja kila alasiri baada ya sala. Alikuwa hawezi tena kuchutama, basi aliketi kwenye kiti cha plastiki nami nikamletea mbuzi mmoja mmoja. Aliwatazama macho, akawafungua midomo, akawapapasa matumbo kujua nani ana mimba. Tulizungumza Kiarabu changu nilichookota kwenye kambi ya wafanyakazi. Alinicheka kila nilipomwita beberu kana kwamba ni jike.

"Kwenu mbuzi wanakula nini?" aliniuliza siku za mwanzo.

"Miti, baba. Wanaipanda."

"Mwongo wewe."

Nilimwomba dada yangu anitumie picha. Mzee aliitazama simu yangu kwa muda mrefu, kisha akaomba nimtumie na yeye awaonyeshe rafiki zake.

Aliyempenda kupita wote alikuwa jike mmoja mweupe, mzee kama yeye, meno yamekwisha. Alimlea kwa chupa baada ya mama yake kufa wakati wa kuzaa. Alimwita ajuza, na nilifurahi kwamba hilo neno tunalo sote wawili.

Kiangazi kile mzee aliugua. Mara ya mwisho kumwona, hakushuka garini. Alifunguliwa mlango, nikampeleka ajuza pale, naye akaweka mdomo wake juu ya goti la mzee. Mkono wa mzee ulikuwa na plasta mahali walipomchoma sindano. Alimpapasa hadi chini miguuni.

"Kwato za nyuma zimekuwa ndefu," akaniambia.

"Kesho, baba."

Kesho yake nilizikata. Hakuja kuziona.

Nilikwenda kwenye matanga yao. Wanaume walikuwa wameketi kuzunguka ukumbi, nami nikasimama karibu na viatu, sijui niingie au nirudi. Mtu mmoja mwenye ndevu nyeupe aliniuliza mimi ni nani.

"Mchungaji wa mbuzi wake."

Akasogea, akapiga zulia kwa kiganja. Nikaketi kando yake, nikanywa kahawa chungu katika kikombe kidogo.

Siku ya nane mwanawe alikuja na lori. Alivaa kanzu safi, akasimama nje ya zizi.

"Hatuna wa kuwaangalia," alisema. "Sote tuko ofisini."

"Mimi nipo, bosi."

"Wewe utakuja kutuendeshea gari. Ni afadhali kwako."

Leseni nilikuwa nayo, na kweli ilikuwa afadhali. Nikawaita mbuzi kwa ule mlio wa ulimi alionifundisha mzee. Walikuja mbio wakidhani ni chakula. Watu wa lori hawakupata taabu hata kidogo, na hadi leo hilo ndilo linaloniuma. Hakuna hata mmoja aliyekimbia.

Alipobaki ajuza nilimshika shingoni. "Huyu niachie, bosi. Tafadhali."

"Hata mchinjaji hamtaki. Mchukue."

Nilimshukuru mara mbili. Lori likaondoka, na ajuza akaanza kulia.

Alilia siku ile na siku ya pili. Alizunguka uzio akinusa mahali walipokuwa wakilala wenzake. Nilimletea barsimu mbichi, majani aliyoyapenda kuliko yote, akanusa akaacha. Nilihamisha kiti changu nikakaa naye zizini mchana kutwa. Alinitazama, kisha akatazama lango. Mama yangu alizoea kusema mbuzi mmoja si mbuzi, ni mgonjwa. Nililijua hilo tangu nikiwa mtoto. Nilipomwombea abaki sikumfikiria yeye. Nilitaka kubaki na kitu cha mzee.

Siku ya tatu tangu lori liondoke nilimfunga kamba, nikatembea naye hadi shamba la jirani, kwa mchungaji mmoja Msudani. Mbuzi wake walimpiga ajuza kwa pembe, akaanguka. Nikataka kuingia.

"Waache, ndugu yangu," Msudani alisema. "Wanamuuliza katoka wapi."

Aliinuka, akaenda kulala ukingoni mwa kundi. Jioni yake nikaambiwa kwa simu kwamba amekula.

Aliishi pale wiki tatu. Wakati huo nilikuwa nimehamia mjini, mtaa wa Al Mansoura, chumba kimoja na Waganda wawili, na kila siku nikimwendesha mwana wa mzee. Msudani alinipigia mchana mmoja nikiwa barabarani. Alimkuta amekufa asubuhi katikati ya wenzake. "Nimemzika," aliniambia. "Sikumtupa."

Bosi wangu aliuliza ni nani. Nikamweleza. Tulifika kwenye taa, gari likasimama.

"Baba alikuwa akizungumza nini nawe kule kila siku?" aliniuliza. "Saa zote zile."

Nilitamani kumfariji.

"Mbuzi tu, bosi."

Akageuza uso kuelekea dirishani. Taa iliwaka kijani na sikuiona, hadi gari la nyuma likapiga honi.