Kwa Baiskeli na Treni, Kwenda Kumwona Mtoto

Wenzangu wa kidato cha tatu wakipanga safari ya bara wakati wa likizo, mimi huwaambia, kwa sauti yangu ya chini, wachukue treni na wabebe baiskeli zao. Huchekwa mimi. "Baiskeli kwenye treni? Utaikatia tikiti?" Kubishana siwezi, ndiyo maana naandika. Baba yuko Qatar sasa, baiskeli naiendesha mimi, na kila nikiipanda naikumbuka safari ile.

Mama alikuwa amekwenda kujifungua kwao Mwatate, apate kukandwa na mama yake. Baba alikuwa mtunza bustani hotelini Diani, na ruhusa aliyopewa ilikuwa fupi. Tukiikosa treni ya siku ile, mtoto angemwona kwenye simu tu.

Tulitoka Kinondo asubuhi, yeye akikanyaga, mimi nyuma kwenye keria, miguu nimeitenga na spoku. Baba alikuwa amepiga hesabu ya barabara, akasahau hesabu ya salamu. Kwetu humpiti mtu mzima ukiwa juu ya baiskeli. Unashuka, unaamkia, unaulizwa habari za nyumbani, za shamba, za wagonjwa. Kufika Ngombeni alikuwa ameshuka mpaka nimechoka kuona, na kila aliposhuka nilijificha nyuma ya mgongo wake. Jua lilikuwa limepanda.

Mbele kwenye kilima tukamwona mzee mwingine, anasukuma baiskeli iliyojaa madafu. Baba akashika breki. Sijui ulimi niliupata wapi.

"Shikamoo babu. Mama amejifungua, twawahi treni Miritini. Utuwie radhi."

"Marahaba, mjukuu wangu." Akamgeukia baba. "Na wewe washukia nini? Mwanao ana akili kukushinda. Kanyaga."

Akaegemeza baiskeli yake kwenye mnazi, akatusukuma hadi juu ya kilima, anahema na kumsema baba kwa Kidigo. Baba alicheka kwa mara ya kwanza tangu tutoke.

Kituoni tulifika jasho likitutiririka. Baba akafungua magurudumu, akaifunga baiskeli yote kwa leso kuukuu ya mama. Askari wa mizigo akaigusa.

"Hiki ni nini, mzee, kitanda?"

"Baiskeli. Imelala."

Akatupitisha, anatikisa kichwa. Ndani ya treni baba alilala mdomo wazi mpaka Voi, nami nikaona haya mbele za watu, haya ambazo leo ningezitamani. Voi tukaiunganisha upya nje ya kituo, tukashika barabara ya Mwatate, upepo wa jioni baridi usoni.

Kwa bibi mzaa mama, baba alinawa mikono hadi viwiko, grisi ya mnyororo ikakataa kutoka. Akampokea mtoto hivyo hivyo.

"Utamchafua," bibi akasema.

Baba alikuwa akimnusa mtoto utosini, macho ameyafumba.