Vidole Visivyosikia

Mke wangu alipoanza kusafishwa damu, nafasi ya mashine tuliyopata ilikuwa Bungoma, kila Jumanne na Ijumaa, saa moja asubuhi. Figo zake zote mbili zilikuwa zimekufa. Sisi tuliishi nje ya Kitale, upande wa Kiminini, ambako mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Matatu tulijaribu wiki mbili tu. Alitapika njia nzima, na watu walimbana mkono wa kushoto, ambao haukutakiwa kubanwa hata kidogo. Tukaamua kutumia pikipiki yangu.

Mkono huo daktari alikuwa ameupasua na kuunganisha mishipa miwili, ili sindano za mashine zipate damu ya kutosha. Tangu siku hiyo, ukiweka vidole juu kidogo ya kifundo chake, uliisikia damu ikinguruma chini ya ngozi kama paka aliyeshiba. Muuguzi wa Bungoma, mama mmoja mnene asiyependa maneno mengi, alituonya siku ya kwanza.

"Hii ndiyo maisha yenu sasa," alisema. "Muishike asubuhi na jioni. Siku itanyamaza, msingoje. Mnipigie simu hapo hapo, ama mje."

Ilikuwa Juni tulipoanza, na Julai ikatukuta barabarani. Asiyeijua Kitale hudhani Kenya yote ni jua. Saa kumi na moja alfajiri ukungu ulikuwa umelala juu ya mahindi, na upepo wa pikipiki uliufanya kuwa maji. Mwili mzima ungeweza kuufunika, lakini mikono ilibaki mbele, ndiyo inayopasua baridi. Nilinunua glavu za ngozi za mtumba, nikavaa soksi ndani yake. Nikajaribu karatasi za nailoni za mkate juu ya soksi. Mwisho nikakata mtungi wa plastiki vipande viwili, nikavifunga kwa waya mbele ya mishikio ili vizuie upepo. Walimu wenzangu walicheka sana. "Mwalimu, ati siku hizi pikipiki inavaa bakuli?"

Mke wangu hakucheka. Alifumua sweta lake la kijani, akanifumia glavu nene zenye vidole vifupi, kwa kuwa sufu haikutosha. Yeye mwenyewe alikaa nyuma, amejifunga leso mbili, mikono yake ikiwa ndani ya mifuko ya koti langu. Alikuwa mwepesi. Kwenye matuta niliupeleka mkono nyuma kumgusa goti, nihakikishe yuko.

Kila safari tulisimama Kamukuywa, kwa sababu hapo vidole vyangu vilikuwa havijui tena breki wala klachi. Niliviweka karibu na injini hadi virudi. Asubuhi moja nikakaza kiganja juu ya injini yenyewe, nikiwa natazama lori likipita.

"Unaungua!" mke wangu alipiga kelele. "Si utoe mkono! Husikii?"

Sikuwa nimesikia kitu. Ngozi ilikuwa imeng'oka upana wa shilingi kumi. Alinifunga kidonda kwa kitambaa chake, akatikisa kichwa, tukaendelea.

Siku ninayotaka kuisema ilikuwa Ijumaa. Baada ya mashine presha yake ilishuka. Alipojaribu kusimama akayumba. Muuguzi alimkalisha, akampima tena na tena, na saa saba ikipita akatuachilia. Tulipofika Chwele mvua ikaanza. Tukiingia Kamukuywa ikageuka kuwa ya mawe. Tuliingia kwenye veranda ya duka lililofungwa, glavu zangu za kijani zikichuruzika maji, na tukasimama tumebanana mlangoni kama mbuzi.

Baada ya muda akasema, "Mwalimu, hebu shika hapa. Mimi siisikii vizuri."

Alikunja mkono wa sweta. Nilivua glavu. Vidole vyangu vilikuwa vyeupe, kama si vyangu. Nikaviweka juu ya mshipa. Sikusikia mngurumo. Lakini hata ngozi yake sikuisikia, wala unyevu wake, wala joto. Nilikuwa kama mtu anayegusa kwa kijiti.

"Unaisikia?"

Bungoma ilikuwa nyuma yetu, zaidi ya saa moja, na mvua yote ilikuwa huko. Nyumbani kulikuwa mbele. Nilikuwa na baridi na nilikuwa nimechoka. Nimeitafuta sababu nyingine kwa muda mrefu na sijaipata.

"Iko," nikasema.

Alinitazama, kisha akashusha mkono wa sweta. "Basi sawa. Kama wewe umeisikia."

Nyumbani niliwasha jiko, nikamfunika blanketi, nikakaa nikiota moto. Damu inaporudi kwenye vidole huuma mpaka machozi yanatoka. Nilikaa nikijihurumia hivyo, na ulipokwisha uchungu yeye alikuwa ameshalala. Sikutaka kumwamsha. Ndivyo nilivyojiambia.

Asubuhi mikono yangu ilikuwa na joto. Niliushika mkono wake kabla hajafungua macho, na palikuwa kimya. Nikasogeza vidole juu, nikavisogeza chini. Nikaweka sikio. Kimya. Alipoamka alinikuta nimeinama hivyo.

Nilimpigia muuguzi simu.

"Imenyamaza tangu lini?" akauliza.

"Asubuhi hii."

Mke wangu alikuwa ameketi kitandani, ananiangalia. Akaanza kutafuta viatu vyake.

Tulikwenda siku hiyo hiyo. Daktari alijaribu kuiondoa damu iliyoganda mshipani, akashindwa. Wakamwekea mpira wa kupitishia damu shingoni, mashine iutumie mpaka watengeneze mshipa kwenye mkono mwingine. Mkono mwingine hawakuufikia. Mpira uliingiwa na vidudu, homa ikampanda, ikashuka, ikampanda tena. Alikufa wakati watu wanakata mahindi. Tulimzika shambani kwetu, na ilibidi majirani waondoe mabua kwanza ili waombolezaji wapate pa kusimama.

Wiki mbili kabla hajafa, akiwa na nguvu kidogo, aliniuliza.

"Ile siku ya mvua, pale Kamukuywa. Uliisikia kweli?"

"Niliisikia," nikasema.

"Mimi nilikuwa nafikiria tu." Akageukia ukutani.

Nilikuwa na nafasi hiyo moja ya kumwambia ukweli, na nikamdanganya mara ya pili. Watu wa kanisa walipokuja kunifariji walisema nilimhudumia kuliko wanaume wengi, nilivyombeba kwenye baridi miezi yote hiyo. Niliwashukuru. Ningefanya nini? Walikuwa wamekuja na unga na sukari.

Mwaka huu nilipita Bungoma kwa shughuli za shule, nikamwona yule muuguzi sokoni akichagua nyanya. Alinikumbuka, akanipa pole tena. Nikamwambia yote, nimesimama kati ya mafungu ya mboga na watu wakitupita: veranda, vidole vyangu, neno nililosema. Nikamwuliza, "Kama tungerudi siku ile, mkono ungepona?"

Aliweka nyanya chini. Nikadhani anatafuta namna ya kunipunguzia uzito.

"Pengine," akasema. "Pengine hapana. Sijui, mwalimu. Ningekuwa najua ningekuambia."

Kisha akamlipa mwenye nyanya, akanipa mkono, akaenda zake.